Bisibisi Ukweni (Sehemu ya Tatu): Jogoo wa Washenga

Kama gazeti la wiki iliyopita nyumbani kwenu lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, pole sana. Nakusogezea kwa ufupi, halafu tuendelee kuogopa pamoja.

Naitwa Gasto. Mimi ni fundi simu pale Singida mjini, kwetu Mgori, Mnyaturu wa kuzaliwa na mwoga wa kuzaliwa. Nampenda Severina, binti wa Kiomboi. Barua ya posa ilishafika kwao, na Jumapili washenga wangu walitakiwa kwenda kuchukua jibu.

Desturi unaijua. Muoaji hakanyagi ukweni mpaka posa ijibiwe. Ukionekana huko kabla, umeonyesha huna adabu, na jibu lako linakuwa fupi kuliko jina lako.

Mimi nikakanyaga Jumamosi.

Nilienda kama fundi. Mdogo wake Severina, Gerald, ana mashine ya gemu, pleistesheni, ambayo diski yake ilijaa mpaka kila akitaka kuweka gemu jipya lazima afute la zamani. Alitaka diski kubwa. Akamwuliza dada yake kama anamfahamu fundi, dada akamtajia mimi bila kusema mimi ni nani kwake. Nami nikajiambia, acha nikaione hiyo nyumba ambamo maisha yangu yanajadiliwa bila mimi.

Wiki iliyopita uliniacha nimepiga magoti sebuleni kwao. Diski ya zamani nje, mpya mkononi. Severina akapita na ufagio, akainama kama anafagia chini ya meza, akaninong'oneza:

"Gasto, washenga wako wanakuja leo. Gari la kesho limepata kazi nyingine. Wameshatoka Singida."

Tuendelee.

"Nikimbie," nikanong'ona.

"Ukimbie na mashine ya watu umeifumua? Baba anakuona."

Kweli alikuwa ananiona. Mzee Melkizedeki, baba yake Severina, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni, kile ambacho akikikalia huwezi kutoka bila kuruka magoti yake. Ni bwana jela mstaafu. Amestaafu kazi, lakini macho yake bado yako zamu.

"Fundi," akaita.

"Naam, mzee."

"Fundi mmoja aliwahi kuondoka na redio yangu akasema anaipeleka kwenye spea. Mpaka leo naisikia kwenye ndoto tu. Kwa hiyo kwangu kitu kikifunguliwa hapa, kinafungwa hapa. Kila kinachotoka kwenye hiyo mashine, weka kwenye sinia nikione."

Nikaweka kila kitu kwenye sinia. Mzee akanyoosha shingo.

"Hii skrubu nene yenye michoro ni ya nini?"

"Ndiyo inayoshikilia kidude cha kubebea diski, mzee. Hiyo michoro ni alama za kwenye pedi za kuchezea. Pembetatu, duara, msalaba na mraba."

"Msalaba? Kwenye mchezo?"

"Ni eksi tu, mzee. Imelala vibaya."

Akaguna. Simu yake ikaita. Akaipokea kwa sauti ya nje, kama wazee wote, akainuka kuelekea dirishani, akatoa kichwa nje kutafuta mtandao.

"Haloo! Mmefika wapi?"

Sauti iliyojaa sebule nzima ilikuwa ya baba yangu mdogo, Chediel. Mshenga mkuu. Mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

"Tunakuja mzee wangu, tunaikaribia Misigiri!"

"Na huyo kijana wenu hajambo?"

"Hajambo kabisa! Mtulivu sana yule. Saa hizi yuko Mgori, yuko shambani anavuna alizeti."

Kijana mtulivu alikuwa chini ya televisheni ya mkwe wake, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi.

Na ndipo alipoingia jogoo.

Alikuwa jogoo mwekundu, mkubwa, ana kipande cha kitambaa mguuni. Bila shaka alikuwa amefungwa mahali tangu asubuhi, akajifungua. Njaa ilikuwa inamtembeza. Akakanyaga zulia, akaangalia kochi, akaniangalia mimi, akaona sina maana. Akaona sinia.

Skrubu ile ilikuwa inang'aa kama punje ya mahindi iliyopakwa mafuta.

Kapu! Akaidonoa. Akainua kichwa. Nikaona shingo inacheza mara moja, ikatulia.

Jamani. Nimeona mambo. Nimewahi kupigwa shoti na chaji ya Kichina mpaka nikasalimia watu wasiokuwepo. Lakini sijawahi kuona kitu kikipotea hivyo huku nakitazama.

Nikamrukia. Akaruka. Nikampata bawa chini ya meza, tukagombana huko, yeye analia, mimi namnyamazisha kama mtoto.

"Ahaa! Umemkamata!"

Alikuwa Shangazi Dorika, dada mkubwa wa Mzee Melkizedeki, ndiye aliyemlea Severina tangu mama yake afariki. Mama wa kitenge kiunoni na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde.

"Nimemtafuta nyuma ya nyumba yote! Asante fundi, leta hapa."

"Shangazi... huyu jogoo asichinjwe."

"Kwa nini?"

"Anaonekana mgonjwa."

Akamgeuza jogoo, akamtazama macho. Akanitazama mimi.

"Mgonjwa ni wewe. Unatetemeka. Huyu ni wa washenga, na jirani yetu Mwislamu ameshanoa kisu, maana wageni hatujui nani anakula cha nani."

Akatoka naye. Jogoo akanitazama kutoka kwapani mwa shangazi. Naapa alikuwa anacheka.

Mzee akarudi kutoka dirishani, akakaa, akaangalia sinia. Bwana jela ni bwana jela. Alihesabu kwa midomo.

"Ile yenye michoro iko wapi?"

Hapa ndipo ningesema ukweli, yangeisha. Angecheka. Shangazi angemtoa jogoo, tungeokota skrubu, tungesahau. Lakini woga ukishika ulimi huwa hauombi ruhusa.

"Nimeshaifunga, mzee."

"Mbona haraka?"

"Ndiyo kazi yetu, mzee."

Akalihesabu sinia tena. Sikuipenda ile hesabu.

Nikaingiza diski mpya. Bila ile skrubu inakaa, ila imelegea kama jino la mtoto. Nikafunika mfuniko juu ili mzee asione tundu. Nikachomeka flashi yenye programu ya mashine, nikachomeka pedi kwa waya, nikashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikapiga mlio wa pili. Kioo kikawaka. Mashine ikaanza kujipanga upya, ule mstari wa kuonyesha imefikia wapi ukawa unasogea taratibu, taratibu. Ikiguswa kidogo hapo diski inacheza, tunaanza mwanzo.

Gerald mwenye mashine alikuwa ametumwa soda. Angalau mmoja hakuwepo kuniuliza maswali.

Severina akaingia kubadilisha vitambaa vya makochi. Nikajifanya nanyoosha waya karibu na miguu yake.

"Seve. Jogoo amemeza skrubu."

Akasimama na kitambaa hewani.

"Jogoo yupi?"

"Wa washenga."

"Ameshanyonyolewa, Gasto!"

"Basi firigisi ifungue wewe. Ukiikuta, nidondoshee hapa, mzee asione."

"Firigisi ya jogoo wa washenga anaifungua shangazi mwenyewe. Hashiki mtu mwingine. Ndiyo inayowekwa juu kabisa kwenye sahani ya mshenga mkuu."

"Jaribu hivyo hivyo. Mwambie unataka kujifunza kabla hujaolewa."

Alitaka kucheka akashindwa. Akaondoka haraka, na mzee akamfuata kwa macho mpaka mlango wa jikoni, kisha akarudisha macho kwangu.

"Mnaongea nini na binti yangu?"

"Namwuliza soketi nyingine iko wapi, mzee."

"Uliza mimi. Nyumba nimejenga mimi."

Uongo wa pili kwa mzee. Nikawa nimeshajenga na mimi nyumba yangu, ya uongo, na paa lilikuwa linanicheza juu ya kichwa.

Halafu nikasikia sauti.

Haikuwa kelele ya mtu aliyejikata. Ilikuwa kelele ya mtu aliyeona. Sufuria likaanguka jikoni. Shangazi Dorika akaingia sebuleni na kiganja mbele, kama mtu aliyeshika kaa la moto. Juu ya kiganja, katikati ya changarawe na maji ya firigisi, ilikuwa skrubu yangu.

Akaanza kuongea Kinyiramba na kaka yake. Sisi Wanyaturu na wao ni majirani, Kinyiramba naambulia nusu. Siku hiyo ile nusu niliyoambulia ndiyo ilikuwa mbaya. Nilisikia "posa." Nilisikia neno la mchawi, ambalo halihitaji mkalimani.

Akageukia Kiswahili ili na mimi mgeni nishuhudie.

"Tazama! Ina alama! Duara hili, na hii kama paa la nyumba, na huu msalaba umepinda! Hiki si kitu cha kuokotwa na kuku njiani, kimechongwa! Mtu amemlisha jogoo wetu ili mshenga akile, na ndoa ya mtoto wangu ife kabla haijazaliwa!"

"Dada, tulia," mzee akasema.

"Situlii! Posa hii ina mkono wa mtu. Wageni wakija wapewe maji ya kunywa, waambiwe hakuna jibu, waende. Severina haolewi kwenye nyumba inayofuatwa na chuma!"

Severina alikuwa nyuma yake, mikono ina unga, anatikisa kichwa kwangu. Sikujua anasema nyamaza au anasema sema.

Nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Nikaokota moja tu.

Mzee Melkizedeki akaichukua skrubu kwenye kiganja cha dada yake. Akaifuta kwa kidole gumba. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza, pembetatu, duara. Kisha akaangalia sinia. Kisha akaangalia mashine. Kisha akaniangalia mimi, polepole, kama mtu anayesoma namba kwenye nguo ya mfungwa.

Akakunja ngumi, skrubu ndani.

Honi ikalia nje.

"Hao," mzee akasema. "Dada, nenda kawapokee vizuri. Hiki niachie mimi."

"Kaka..."

"Kawapokee. Fundi, usisogee hapo ulipo."

Kusogea? Nilishika waya mmoja nikajifanya naufunga.

Washenga wakaingia. Mbele baba mdogo Chediel, koti la harusi yake mwenyewe, kofia mkononi. Nyuma yake mzee Emilian, jirani yetu wa Mgori, ambaye huchukuliwa kwenye posa zote kwa sababu hasemi kitu na anaonekana mwenye busara.

Wakasalimiana, wakaulizana hali ya mvua, hali ya mazao, hali ya barabara. Mimi nimeinama kwenye mashine nimewapa mgongo. Nikasema labda mgongo wangu hawaujui.

"Na kijana wetu hapo chini, hujambo?" Chediel akanisalimia kwa ukarimu.

Siwezi kumwacha mkubwa bila shikamoo. Hata kama nakufa. Nikageuka.

"Shikamoo."

Kofia ikamdondoka.

"Mara... marahaba," akasema, akainama kuiokota, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kofia inavyohitaji. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu ambaye amekutana na marehemu sokoni na marehemu anadai chenji.

Mzee Emilian akakohoa. Ndiyo hotuba yake ya kwanza.

"Tumefuata lile jibu, mzee wangu," Chediel akaanza, macho yamekwepa upande wangu wote wa chumba.

"Jibu lilikuwepo," Mzee Melkizedeki akasema. "Na lilikuwa zuri."

Lilikuwa zuri! Sijui kama unaelewa, msomaji. Lilikuwa zuri, na mimi nilikuwa nimelikalia.

Akafungua ngumi. Akaiweka skrubu katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe alichofuma Severina.

"Hiki kimetoka kwenye firigisi ya jogoo wenu. Na kabla ya hapo kilikuwa kwenye sinia langu, mbele ya macho yangu. Na huyu fundi, nilipomwuliza, aliniambia ameshakifunga kwenye mashine. Nimefanya kazi na waongo maisha yangu yote. Mwongo hadanganyi bure. Fundi, nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Jogoo alidonoa mwenyewe. Niliogopa tu kusema."

"Uliogopa nini, kama wewe ni fundi tu? Kuku amekula kitu chako, unasema kuku amekula. Hofu ya nini?"

Swali zuri sana. Jibu lake lilikuwa limeketi kwenye kochi, limevaa koti la harusi.

"Mimi namjua aliyemtuma!" Shangazi Dorika akadakia. "Kuna watu waliwahi kuleta posa hapa kabla ya hawa, tukawakataa. Waliapa mbele ya lango! Huyu ni mtu wao. Angalia anavyomtazama Severina, amekuja kumfunga!"

"Shangazi, mimi..."

"Nyamaza!" mzee akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nakuuliza neno moja. Wewe ni mtoto wa nani?"

Hilo ndilo swali la kwetu. Kila mkubwa anakuuliza, njiani, dukani, kanisani, na unajibu kwa raha. Leo jina la baba yangu lilikuwa limeandikwa chini ya barua ya posa, kabatini mwa mtu aliyekuwa ananiuliza. Nikilitaja, posa inakufa kwa utovu wa adabu. Nisipolitaja, inakufa kwa uchawi.

Nikamtazama baba mdogo. Nikamwomba kwa macho. Baba mdogo, sema hata neno. Sema ni mtoto wako. Sema nimerukwa na akili. Chochote.

Baba mdogo Chediel akakohoa, akasimama, akavuta koti.

"Mzee wangu," akasema, "huyu kijana sisi hatumjui. Kijana wetu yuko Mgori, anavuna alizeti."

Mzee Emilian akafumba macho.

Nilimwelewa baba mdogo. Alishasema Mgori kwenye simu, akakwama kwenye tope lake mwenyewe. Sina ndugu. Nimeketi kati ya ndugu zangu na sina ndugu.

"Hamumjui," mzee akarudia.

"Hatumjui."

"Sawa. Severina! Lete maji ya kunawa."

Severina akatoka jikoni na birika na beseni, taulo begani. Alikuwa amenawa unga.

"Mwanangu," mzee akasema, "desturi yetu unaijua. Binti anaitwa mbele ya wageni, anaulizwa kama anawafahamu. Akisema anawafahamu, mambo yanaendelea. Leo mimi sikuulizi kwa mdomo, kwa sababu midomo ya leo humu ndani imenichosha. Kama humu yupo mtu unayemfahamu wewe, mnawishe yeye kwanza."

Mashine ilikuwa bado inavuma.

Severina akapiga hatua. Baba mdogo Chediel akanyoosha mikono mbele, anatabasamu kwa lazima. Ilikuwa rahisi. Amnawishe, posa iendelee, mimi niende zangu polisi kama mchawi wa kukodiwa, baadaye tutajua la kufanya. Nikamtikisia kichwa Severina. Nikamwonyesha kwa macho: mpe yeye. Mpe yeye, Seve, tafadhali.

Akampita.

Mikono ya Chediel ikabaki hewani. Akampita mzee Emilian. Akampita baba yake. Akaja mpaka kwenye zulia, kati ya nyaya na bisibisi, akapiga magoti mbele yangu, akaweka beseni chini.

"Karibu unawe," akasema.

Nikanyoosha mikono. Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Shangazi Dorika alikaa bila kuangalia nyuma, na bahati tu kulikuwa na kiti.

"Mzee wangu, naomba nieleze kidogo..." Chediel akaanza.

"Umeshaeleza."

Mzee Melkizedeki akainuka. Akaenda mlangoni, akaufunga. Nikasikia ufunguo unazunguka, halafu unachomolewa, halafu unaingia mfukoni. Nje Gerald alikuwa amefika na kreti la soda, anagonga kwa mguu, "Fungueni, linaniumiza!"

Mzee akarudi, akasimama juu yangu na binti yake. Akaongea kwa sauti ile ambayo bila shaka watu wengi waliwahi kuisikia siku yao ya kwanza gerezani.

"Severina, simama, kaa pembeni. Na wewe, vua mkanda. Vua na kamba za viatu. Weka kwenye sinia."

Nikaushika mkanda. Vidole vilikuwa bado vinadondosha maji, na chuma cha mkanda kilikuwa kinaniteleza.

(Itaendelea wiki ijayo.)